Leseni ya Fundi na Ukuta wa Nyuma ya Nyumba

Swali ambalo karani wa ofisi ya mipango ya ardhi huulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: “Kiwanja ni changu, hati ninayo, mawe nimeyanunua kwa fedha zangu. Kwa nini basi nitafute ruhusa ya kujenga ukuta katika ua wangu mwenyewe, na kwa nini mwaniuliza kama fundi wangu ana karatasi?”

Nimelisikia swali hili kwa miaka 9 tangu nilipoajiriwa. Wazee huliuliza kwa upole, vijana huliuliza kwa hasira, na wako wanaoliuliza wakiwa wameshika pochi mkononi, wakidhani kwamba karani anatafuta kitu kidogo. Mimi sioni kwamba ni swali la ujeuri. Mtu aliyetoka jasho mpaka akapata shamba au kiwanja ana haki ya kuelezwa kwa nini Serikali inatia mguu wake ndani ya boma lake. Kwa kuwa pale dirishani foleni ni ndefu na nafasi ya kueleza ni ndogo, nimeona yafaa niandike hapa kwa kituo yale ninayoyafahamu.

Kwanza tuelewane ni kazi gani tunayoizungumza. Kupanda maua, kukata majani ya ua, kupanda nyasi mbele ya nyumba au kumwagilia miti ya matunda si kazi ya kuombewa leseni, wala sijamwona mtu aliyeshtakiwa kwa kupanda waridi. Lakini iko kazi nyingine ya kutengeneza uwanja wa nyumba ambayo ni ujenzi hasa, ingawa haina paa: kuchimba mteremko ili kupata mahali tambarare, kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, kujenga ngazi za kushukia barabarani, kumwaga zege la njia ya gari, kusimamisha ukuta wa mpaka na nguzo za lango, na kuchimba mifereji ya kuondoa maji ya mvua. Watu wengi huiita kazi hii “kurembesha boma”, na kwa sababu ya jina hilo huiona kuwa jambo dogo. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa maana ukuta wa kuzuia udongo haukuwekwa pale uwe pambo. Ni mlinzi aliyeegemewa mgongoni na mzigo usiku na mchana.

Mzigo huo ni mkubwa kiasi gani? Mwalimu wetu wa hesabu katika shule ya misheni alipenda kutuambia kwamba anayetaka kujua uzito wa jambo na aupime. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Udongo uliolowa hukaribia tani mbili. Sasa chukua ukuta wenye kimo cha mita moja ambao nyuma yake maji yamejaa na hayana pa kutokea. Maji peke yake, tuuache udongo, husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta huo kwa nguvu ya nusu tani. Ukiinua kimo kiwe mita 2, nguvu haiongezeki mara mbili kama watu wanavyodhani, bali huongezeka mara nne: huwa tani 2. Ukifika mita 3 huwa tani 4 na nusu. Kwa hiyo fundi aliyejenga kuta za mita moja kwa miaka 20, na zote zikasimama, bado hajajifunza habari za ukuta wa mita 3. Huo ni mnyama mwingine.

Kwa sababu hii wenye elimu ya kazi hii hufanya mambo ambayo mwenye nyumba haoni faida yake, maana yote hufichwa chini ya udongo. Msingi huchimbwa mpana na kuteremshwa mpaka ardhi ngumu. Ukuta huinamishwa kidogo kuelekea mlimani. Nyuma yake hujazwa kokoto, si udongo mtupu, ili maji yapate njia ya kushuka. Chini huachwa matundu ya kutolea maji, mara nyingi vipande vya bomba vilivyopenya ukuta mzima. Udongo wa kujazia hurudishwa kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa. Mahali penye mteremko mkali, badala ya ukuta mmoja mrefu, hujengwa kuta mbili fupi zilizoachana, kama ngazi. Tena udongo nao hutazamwa, kwa maana udongo mwekundu wa milimani hauna tabia moja na udongo mweusi wa tambarare, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ukasukuma na kuvuta kila kilichojengwa juu yake.

Fundi asiyejua haya, au anayejua lakini anataka kupunguza gharama, aweza kujenga ukuta ulionyoka kwa timazi, wenye mawe yaliyochongwa vizuri na saruji iliyopigwa mstari mweupe, ukapendeza machoni kuliko ule wa mwenzake. Macho hayawezi kuwatenganisha. Mvua ndiyo itakayowatenganisha.

Shangazi yangu, ndugu wa baba, ni mjane anayekaa katika milima ya Murang’a. Mwaka wa 2022 wanawe waliokuwa kazini Nairobi walichanga fedha ili mama yao apate uwanja wa nyuma ya nyumba, mahali pa kuanikia mahindi na pa wajukuu kuchezea. Mlima ulichimbwa, na ukuta ukajengwa wenye urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2 na nusu. Fundi aliletwa na mtu wa jirani. Alikuwa mchangamfu na mwepesi wa kazi, akataja shilingi 180,000, na siku ya kwanza akachukua 120,000 mkononi. Hapakuandikwa neno. Ramani ilikuwa ni fimbo yake aliyochorea ardhini. Wakati huo mimi nilikuwa ninafanya kazi mbali, na habari za ukuta huo nilizipata pamoja na habari za kuanguka kwake.

Ulisimama masika moja, ukasimama na ya pili. Kisha ikaja mvua ya 2024, ambayo hakuna Mkenya aliyeisahau. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili shangazi aliamshwa na mbuzi waliokuwa wakilia kwa namna ambayo hajapata kuisikia. Akatoka na tochi, akaona maji yanachuruzika kwenye viungo vya mawe, na katikati ukuta umefura kama tumbo. Aliwaamsha wajukuu wawili waliolala katika chumba cha jikoni kwa sababu ya joto la meko, akawavuta nje bila hata kuwafunika. Alikuwa bado hajafika barazani ukuta ulipolala. Jiko lilibomoka lote, na banda la mbuzi likafunikwa pamoja na waliokuwa ndani. Kitanda walichokuwa wamelalia watoto kilipatikana siku ya tatu chini ya tope na mawe.

Asubuhi tuliokwenda kutazama tuliona wazi kilichotokea. Katika mita 12 zote hapakuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Nyuma ya ukuta hapakuwa na kokoto, palijazwa udongo uleule uliochimbwa pamoja na mabaki ya mifuko ya saruji. Msingi ulikuwa na kina kisichofika goti langu. Kwa hesabu niliyoieleza hapo juu, maji yaliyojaa nyuma ya ukuta huo yalikuwa yakiusukuma kwa nguvu ya tani zaidi ya 37 kwa jumla, kabla hujahesabu udongo.

Binamu zangu walimpigia fundi simu. Simu ilipokelewa mara moja, kisha ikazimwa, na tangu hapo namba hiyo haikupatikana tena. Jina alilojulikana nalo kijijini lilikuwa jina la utani. Mtu aliyemleta alisema yeye alikutana naye njiani tu. Walikwenda kwa wakili, naye akawauliza maswali manne: Mkataba uko wapi? Risiti ziko wapi? Ramani iliidhinishwa na nani? Fundi ameandikishwa wapi? Hawakuwa na jibu hata moja. Mashtaka hayakwenda mbali, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushtakiwa. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na ninaona kwamba hasara ya shangazi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kuanguka kwa ukuta. Ya pili, ambayo inauma kuliko ya kwanza, ni kutokuwa na mtu wa kumwambia, “Njoo utazame ulichokifanya.”

Sasa tutazame sheria inasemaje. Kwa kazi kama ile, sheria za Kenya zataka mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni ruhusa ya kazi, na jingine ni uandikishaji wa anayeifanya.

Ruhusa ya kazi hutolewa na kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya mipango, na ndani yake imetaja kwa jina mipaka na uzio pamoja na makao ya watu. Kisha Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 imekataza mtu kuanza kuendeleza ardhi kabla ya kupata idhini ya kaunti, na kuendeleza hapo si nyumba peke yake, bali ni kazi za ujenzi zifanywazo juu ya ardhi. Anayeanza bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Lakini sheria hiyohiyo haikumfunga mwananchi peke yake, imeifunga na ofisi pia. Mtu akipeleka maombi yake na siku 60 zikapita bila jibu la maandishi, huhesabiwa kwamba amekubaliwa. Na akikataliwa, anayo nafasi ya kukata rufani katika siku 14 mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo. Wengi hawajui haki hizi, ndiyo maana huwaogopa makarani, au huwalipa vishoka wanaozunguka nje ya lango la ofisi wakijifanya ndio wenye muhuri.

Uandikishaji wa mjenzi ni shauri la Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 41 ya 2011. Sheria hiyo yakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kuandikishwa. Wakandarasi wamewekwa katika madaraja 8. Wa daraja la 8 ndio wa kazi za thamani ndogo, na wa daraja la 1 hawana mpaka wa thamani. Mamlaka hiyo pia ina kazi ya kuwathibitisha mafundi stadi na wasimamizi wa ujenzi, ili hata yule asiye na kampuni, mwashi mwenye mwiko na pimamaji tu, apate kujulikana kuwa ni fundi wa kweli. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kazi ndogo hana haja ya kutafuta kampuni kubwa ya mjini. Na amwulize fundi wake kadi ya kuthibitishwa, kama vile amwulizavyo dereva leseni kabla ya kumkabidhi gari.

Na kwa wale wanaodhani kwamba haya ni mambo mapya ya Wazungu, nawakumbusha kwamba sheria juu ya wajenzi ni za kale kuliko vitabu vingi tunavyovijua. Mfalme Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 3,800 iliyopita, aliamuru kwamba mjenzi ambaye nyumba yake imeanguka na kumwua mwenye nyumba auawe. Sisi hatutaki ukali huo. Lakini tangu zamani hizo wanadamu walitambua kwamba mwenye nyumba hawezi kuona ndani ya ukuta, na kwamba lazima awepo mtu wa kujibu.

Najua yanayosemwa kinyume, na sitayapuuza. Husemwa kwamba karatasi ni ghali, kwamba ofisi ni nzito, na kwamba kazi ya wiki mbili hungoja muhuri kwa miezi miwili. Mara nyingine ni kweli. Husemwa pia kwamba sheria hazikuwafuata watu walipo, na hilo nalo lina ukweli: kanuni za ujenzi za 1968 zilitumika nchini kwa zaidi ya miaka 50 kabla ya kanuni mpya kutolewa mwaka wa 2024.

Tena iko kumbukumbu ya ndani zaidi. Hapo kwetu Murang’a, iliyokuwa ikiitwa Fort Hall, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu, na hasa wanawake, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika miaka ya 1940. Matuta yenyewe yalikuwa na faida kwa udongo, lakini yaliletwa kwa amri na faini, na mwenye jembe hakuelezwa wala hakuulizwa. Mwaka wa 1947 watu walikataa kuyachimba, na mwaka uliofuata wanawake wakaandamana kuyapinga. Huko Machakos nako palikuwa na shuruti ya namna hiyo, lakini baadaye wakulima wenyewe, walipoona kwa macho yao faida ya matuta ya “fanya juu”, ambayo mtu huchimba mfereji na kurusha udongo upande wa juu, waliyaeneza katika mashamba yao kwa hiari. Milima ni milima ileile na udongo ni uleule. Tofauti ilikuwa katika kuelewa. Kwa hiyo ofisa anayepiga kelele juu ya leseni bila kuieleza huwafundisha watu kuikimbia, na mimi kama karani nasema hivyo bila woga.

Niliyaelewa mambo haya vizuri zaidi niliposikia jinsi yanavyofanywa kwingine. Kijana mmoja wa kijiji chetu amekwenda Australia, naye anafanya kazi Sydney, katika jimbo la New South Wales, kwa mkandarasi wa viwanja vya nyumba. Alipokuja likizo ya Krismasi alitueleza mengi, na baadaye nikayasoma mwenyewe. Huko kazi hii ya kuta, ngazi, sakafu za uani na vibaraza ina jina lake katika sheria na ina leseni yake peke yake, mbali na leseni ya mjenzi wa nyumba. Kazi ikiwa na thamani ya zaidi ya dola 5,000 za huko, ukihesabu vifaa pamoja na ujira, haiwezi kufanywa na mtu asiye na leseni. Ikiwa chini ya hapo, leseni hiyo hailazimishwi. Katika jimbo jirani la Queensland mpaka uko chini zaidi, ni dola 3,300.

Kilichonipendeza zaidi si ukali wa sheria hiyo, bali jinsi inavyomtazama mwenye nyumba. Mwenye leseni lazima aandike mkataba. Haruhusiwi kudai malipo ya kwanza yanayozidi sehemu moja katika kumi ya bei. Kazi ikizidi dola 20,000 lazima akate bima kabla ya kupokea fedha, ili akifa, akifilisika au akitoroka, mwenye nyumba asibaki mikono mitupu. Na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi katika intaneti, hata mama wa nyumbani aweza kuyatafuta kwa namba kabla ya kumfungulia fundi lango. Nilipima habari hiyo kwa shauri la shangazi. Kwa bei ya shilingi 180,000, fundi yule angechukua 18,000 siku ya kwanza, si 120,000. Pengo lililobaki lingemfanya arudi kazini kesho yake, na kesho kutwa.

Sisemi kwamba tuyachukue ya Sydney na kuyapandikiza Murang’a kama mche wa kahawa. Nchi zile zina mapato mengine na ofisi nyingine. Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji utajiri: sheria inayoeleweka juu ya fedha ndogo za mtu mdogo. Mwenye jumba la ghorofa kumi ana wakili na mhandisi wake. Mjane mwenye ukuta wa mita 12 hana hata mmoja wao, na leseni ya fundi ndiyo wakili wake na ndiyo mhandisi wake.

Wako pia mafundi wenyewe, na haki yao isisahauliwe. Ninamjua mzee mmoja mwashi aliyejifunza kazi kwa baba yake, na kuta zake zimesimama tangu mimi sijaanza shule. Hana cheti. Aliniuliza, “Mwanangu, kijana aliyetoka chuoni jana atanifundisha nini juu ya jiwe?” Nilimjibu, “Mzee wangu, labda hakuna. Lakini mwenye nyumba asiyekujua atakutenganishaje na yule aliyemjengea shangazi?” Alinyamaza, kisha akauliza njia ya kufuata. Njia ipo. Mtihani wa ufundi wa Serikali, unaosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, huanza daraja la tatu na kupanda mpaka la kwanza, na unampima mtu kwa kazi ya mikono yake. Mzee yule aliufanya na kufaulu. Leo hutembea na cheti chake katika mfuko wa nailoni, na ameniambia kwamba bei yake imepanda, kwa sababu wale waliokuwa wakimpunja kwa kumwita “fundi wa kienyeji” wamekosa neno.

Kwa hiyo yule anayetaka kujenga ukuta wa kuzuia udongo, nampa mashauri machache. Aende kwanza ofisi ya mipango ya kaunti yake, aulize ni kazi zipi zinazohitaji idhini na ada yake ni kiasi gani, kwa kuwa kila kaunti ina viwango vyake. Alipe mahali pa kulipia tu, na adai risiti. Kama ukuta utapita kimo cha mtu, au kama juu yake kuna nyumba, barabara au tangi la maji, amtafute mhandisi aliyeandikishwa amchoree, kwa maana gharama ya mchoro ni ndogo kuliko ya kujenga mara mbili. Amwulize fundi jina lake kamili, kitambulisho na kadi yake, aandike namba zake, kisha aende kutazama kuta mbili alizojenga ambazo zimeshapigwa na masika. Wapatane kwa maandishi, hata kama ni karatasi moja ya daftari, ikitaja urefu, kimo, kina cha msingi, kokoto za nyuma, idadi ya matundu ya maji, bei na siku za malipo, na mashahidi wawili watie sahihi. Malipo yafuate kazi. Na kabla nyuma ya ukuta hapajafukiwa, aende yeye mwenyewe atazame kokoto na matundu, na apige picha kwa simu yake.

Wale ambao kuta zao zimeshajengwa nao wasikae tu. Watazame matundu ya maji kabla ya mvua za mwezi wa Machi, wayazibue kama yamezibwa na udongo au mizizi. Tusisahau yaliyotokea Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024. Wizara ya Maji ilieleza kwamba karavati lililopita chini ya tuta la reli lilizibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka tuta likashindwa, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha yao usiku. Tundu lililozibwa laweza kuua katika reli, na laweza kuua katika ua wa nyumba. Ukuta uliofura, ulioinama kuelekea nyumbani au wenye ufa unaopanuka ni wa kuhamwa upesi, wala si wa kupakwa chokaa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini katika milima yetu atakayengoja huenda asiwepo wa kuujenga.

Nasi tulio ofisini tuna sehemu yetu. Orodha ya ada na ibandikwe ukutani kwa maneno ambayo mkulima anaweza kuyasoma. Siku 60 zihesabiwe kweli. Mwananchi akiuliza kwa nini, ajibiwe kwa nini, asionyeshwe tu namba ya kifungu. Shangazi yangu anajenga ukuta mwingine mwaka huu. Utakuwa na kuta mbili fupi badala ya moja ndefu, ramani yake imepigwa muhuri, na mwashi ni yule mzee mwenye cheti katika mfuko wa nailoni. Wajukuu wamemaliza kuhesabu matundu ya maji, wakaniambia ni 14.